Kisonono: Kupimwa, Kutibiwa na Kuandikwa

Katika ukurasa huu nataka tuzungumze juu ya ugonjwa ambao watu huutaja kwa kunong'ona. Kwa Kiswahili unaitwa kisonono. Kwa Kisomali, lugha ya nyumbani kwa wengi wetu hapa Garissa, unaitwa jabto. Najua kuna atakayesoma kichwa cha makala haya akacheka, na mwingine ataufunika ukurasa haraka mwalimu akipita. Lakini wahenga hawakukosea waliposema kuwa mficha maradhi kilio humfichua.

Darasani tunafundishwa jina la ugonjwa, chanzo chake na dalili zake, basi. Hatuambiwi kinachotendeka baada ya mgonjwa kuingia katika chumba cha daktari na mlango kufungwa. Anatambuliwaje? Anatibiwaje? Na kwa nini kila kitu anachosema kinaandikwa? Hilo la kuandikwa ndilo watu huliogopa zaidi. Mimi nitajaribu kuonyesha kwamba ndilo huwaokoa hata watu ambao hawakuingia katika chumba hicho.

KISONONO NI NINI?

Kisonono huletwa na bakteria. Aliyewaona kwanza ni daktari Mjerumani aliyeitwa Albert Neisser, mwaka wa 1879, naye alikuwa na umri wa miaka 24 tu. Ndiyo maana jina lao la kitaalamu ni Neisseria gonorrhoeae. Bakteria hawa hupenda mahali penye joto na unyevunyevu ndani ya mwili, kama vile njia ya mkojo, mlango wa kizazi, kooni na machoni. Nje ya mwili hufa upesi. Kwa hivyo wale wanaosema ati mtu huupata kwa kukalia jiwe la moto, kwa kukojoa juani au kwa kutumia choo cha shule, wanadanganya. Ugonjwa huu huenezwa kwa kujamiiana na mtu aliye nao. Tena mama aliye nao anaweza kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua.

Wala si ugonjwa wa watu wachache. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka wa 2020 peke yake kulikuwa na maambukizi mapya milioni 82 kwa watu wa miaka 15 hadi 49.

Kwa mwanamume dalili huja mapema, mara nyingi baada ya siku 2 hadi 5. Mkojo unachoma na usaha unatoka. Kwa mwanamke mambo ni tofauti kabisa. Wanawake wengi hawahisi kitu chochote, na huku bakteria wanapanda polepole hadi kwenye mirija ya uzazi. Mirija ikiumia na kuziba, mama anaweza kukosa kuzaa, ama mimba ikatunga nje ya mji wa mimba, jambo ambalo linaweza kumuua. Mwanamume naye asipotibiwa anaweza kuvimba korodani na kukosa uzazi. Hapo ndipo ile methali ya mficha uchi hazai inapokuwa kweli tupu, neno kwa neno. Isitoshe, mtu mwenye kisonono huambukizwa virusi vya Ukimwi kwa urahisi zaidi, na mwenye virusi huvieneza kwa urahisi zaidi.

Hapa kwetu kuna mtego mwingine. Joto la Garissa sote twalijua. Mtu asipokunywa maji ya kutosha mkojo wake huwa wa manjano iliyokolea, na wakati mwingine unachoma. Basi mwenye kisonono hujiambia, "Ah, ni jua tu, wacha ninywe maji." Siku zinapita. Maji hayaui bakteria.

DAKTARI ANAJUAJE?

Daktari hutumia njia tatu, kulingana na vifaa alivyo navyo.

Njia ya kwanza ni kuuliza na kutazama. Atauliza: umeanza lini? Unatokwa na nini? Umekunywa dawa gani kabla ya kuja? Kuna dawa inayokudhuru? Mwenzi wako ana dalili? Kwa mwanamke ataongeza: una mimba? Maswali haya si umbea. Kila moja lina kazi yake, kama tutakavyoona. Zahanati nyingi za mashinani hazina maabara, na kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mtindo wa kutibu kwa kufuata kundi la dalili. Kenya iliuanza mtindo huo katika miaka ya 1990. Mwanamume akija na usaha, muuguzi hamwambii arudi baada ya wiki moja kuchukua majibu. Anampa papo hapo dawa za kisonono pamoja na za klamidia, kwa kuwa magonjwa hayo mawili hufanana na mara nyingi hutembea pamoja kama chanda na pete. Faida yake ni kwamba mgonjwa hapotei. Ubaya wake ni kwamba yule asiye na dalili, na wengi wao ni wanawake, hapatikani kwa njia hii.

Njia ya pili ni hadubini. Usaha kidogo hupakwa kwenye kioo na kukaushwa. Kisha hutiwa rangi ya zambarau, halafu ayodini, halafu huoshwa kwa spiriti, na mwishowe hutiwa rangi nyekundu. Ufundi huu ulibuniwa na Hans Christian Gram wa Denmark mwaka wa 1884. Bakteria wa kisonono hawashiki ile zambarau. Wanabaki wekundu, wawili wawili, kama punje mbili za maharagwe zilizotazamana, tena wako ndani ya seli nyeupe za damu zilizokuja kupigana nao. Kwa mwanamume anayetokwa na usaha kipimo hiki hakikosei sana. Kwa mwanamke kinaweza kukosa karibu nusu ya walio nao. Kwa hivyo mama akiambiwa "hatukuona kitu," hiyo si sawa na kuambiwa "huna."

Njia ya tatu ni kupanda bakteria kwenye chakula maalum katika maabara, au kutafuta vinasaba vyao kwenye mkojo kwa mashine. Mashine za vinasaba huwapata hata wale wasio na dalili, ila si kila kituo kinazo. Kupanda huchukua siku kadhaa, lakini faida yake ni kubwa: bakteria wakishaota huwekwa dawa mbalimbali, na mtaalamu anaona ni dawa gani inawaua na ni ipi wanaicheka.

DAWA ZINAZOCHEKWA

Ndiyo, wanazicheka. Hakuna bakteria wengi walio wajanja kama hawa. Katika miaka ya 1930 walitibiwa kwa dawa za salfa, na kufikia katikati ya miaka ya 1940 dawa hizo zilikuwa zimeanza kushindwa. Mwaka wa 1943 ikaja penisilini, watu wakashangilia. Lakini kadiri miaka ilivyopita ndivyo kipimo kilivyolazimika kuongezwa, hadi mwaka wa 1976 ikagunduliwa aina ya kisonono yenye kimeng'enya cha kuvunja penisilini yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 aina hiyo ilikuwa imeshafika Nairobi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliokuwa wakifanya kazi na wenzao wa Manitoba, Kanada, waliifuatilia huko.

Baada ya hapo ikaja siprofloksasini, kidonge kimoja tu na mambo yamekwisha. Haikudumu. Huko Kisumu watafiti waliochunguza vijana wa kiume kati ya 2002 na 2009 waliona usugu dhidi ya dawa hiyo ukipanda kwa haraka. Mwaka wa 2016 Shirika la Afya Duniani likaacha kupendekeza dawa za jamii hiyo kwa kisonono. Leo tegemeo kubwa ni sindano ya seftriaksoni. Kiasi na aina ya dawa ni juu ya daktari, kwa kufuata mwongozo wa serikali, maana mwongozo nao hubadilika bakteria wanapobadilika.

Sasa mtazame yule anayeona haya kwenda hospitalini. Anaenda dukani jioni, ananunua kapsuli mbili tatu za rangi mbili, anazimeza gizani. Usaha unapungua, anadhani amepona. Kumbe bakteria dhaifu ndio waliokufa, na wale wakali wamebaki wakizaana. Kisha anamwambukiza mwingine wale wakali. Kwa njia hiyo dawa ya watu wote inaharibiwa na haya ya mtu mmoja.

Aidha, kutibu mtu mmoja hakutoshi. Mwenzi wake lazima atibiwe pia, hata kama hahisi chochote, na wote wawili wajizuie kwa siku 7 baada ya matibabu. La sivyo, watakuwa wakirudishiana ugonjwa kama mpira wa mezani. Daktari atashauri pia kipimo cha Ukimwi na cha kaswende, kwa kuwa njia iliyoleta kimoja inaweza kuwa imeleta vyote. Atamweleza pia juu ya kondomu.

KALAMU YA DAKTARI

Tumefika kwenye jambo lenyewe. Wacha nitumie mfano wa kubuni. Tuseme kuna bwana mmoja, tumwite Fulani, amekuja kituoni siku ya Jumatatu. Anatokwa na usaha kwa siku tatu. Alishameza kapsuli nne za dukani. Mke wake ana mimba ya miezi minane.

Daktari anaandika tarehe. Anaandika siku dalili zilipoanza. Anaandika zile kapsuli nne, kwa sababu zinaweza kuficha bakteria wasionekane kwenye hadubini, na maabara wakisema "hakuna" atajua kwa nini. Anaandika kama Fulani hudhurika na penisilini, maana dawa nyingine zina undugu nayo na kosa hapo linaweza kuua. Anaandika alichokiona kwa macho yake na kile maabara walichosema. Anaandika jina la dawa, kiasi chake, na kama ni ya sindano au ya kumeza. Mwisho anaandika siku ya kurudi, na maneno haya: mwenzi ana mimba, aitwe.

Fulani akirudi baada ya wiki moja na bado anatokwa na usaha, atampata labda daktari mwingine kabisa. Yule wa Jumatatu yuko likizo. Bila maandishi, huyu wa pili ataanza upya, na huenda akampa dawa ile ile iliyoshindwa. Kwa maandishi, atajiuliza maswali mawili tu: mwenzi alitibiwa? Na kama alitibiwa, je, huu ni usugu? Hapo sampuli inapelekwa kupandwa katika maabara.

Kwa sisi watu wa Garissa, Wajir na Mandera jambo hili lina uzito zaidi. Familia za wafugaji huhama kufuata maji na malisho. Aliyetibiwa karibu na Mto Tana mwezi huu anaweza kuwa upande wa Wajir mwezi ujao. Daktari hawezi kuhama naye, lakini kile kitabu cha mazoezi ambacho mgonjwa huandikiwa ndani kinaweza. Kimfuate kwenye mfuko wake, kikavu, kisitumiwe kuwashia moto.

Sasa yule mke. Yeye hahisi kitu. Hana sababu ya kwenda popote. Kama neno "aitwe" halikuandikwa, au liliandikwa na Fulani akalificha, mama huyu atajifungua akiwa na bakteria, na watagusa macho ya mtoto. Siku chache baada ya kuzaliwa macho yatavimba na kujaa usaha, na mtoto asipotibiwa haraka anaweza kuwa kipofu maisha yake yote. Kipofu kwa sababu ya haya za mtu mwingine!

Ugonjwa huu wa macho una historia ndefu. Huko Leipzig, Ujerumani, daktari Carl Credé alianza mwaka wa 1880 kutia matone ya nitrati ya fedha machoni mwa watoto waliozaliwa. Waliougua wakapungua kutoka takriban 10 katika kila 100 hadi chini ya mmoja. Karibu miaka mia moja baadaye Kenya yetu ikatoa mchango wake. Utafiti uliofanywa Nairobi na kuchapishwa mwaka wa 1988 ulilinganisha matone hayo na malhamu ya tetrasaiklini, na malhamu ikaonekana inafaa kama matone yale au hata zaidi: iliupunguza ugonjwa kwa asilimia 93 kwa watoto ambao mama zao walikuwa na kisonono. Ndiyo maana mtoto akizaliwa hospitalini hupakwa malhamu machoni. Tafadhali, akina mama wasikatae. Lakini malhamu hulinda macho tu. Dawa ya kweli ni kumtibu mama kabla ya kujifungua, na hilo hutegemea lile neno moja lililoandikwa katika ukurasa wa Fulani.

NANI HUSOMA?

Najua swali lililo moyoni mwa msomaji. "Mji wenyewe ni mdogo, kila mtu ni binamu ya kila mtu. Nikiandikwa leo, kesho si nitakuwa hadithi ya sokoni?"

Hofu hiyo ina msingi, kwa hivyo tuijibu sawasawa. Kituo kina rejista ya wagonjwa wa nje, ambayo haifai kuachwa wazi mezani. Kila mwisho wa mwezi kituo hujumlisha: wagonjwa wangapi wa malaria, wangapi wa kuhara, wangapi wa magonjwa ya zinaa. Jumla hizo ndizo hupelekwa juu, na tangu 2011 huingizwa katika mfumo wa kompyuta wa taifa zima. Zinazopanda ni nambari. Jina la Fulani halipandi. Lakini nambari hizo ndizo husaidia serikali kujua ni kaunti gani inahitaji dawa ngapi. Wagonjwa kumi wakijificha, hesabu inasema hawapo, na dawa zao haziji.

Sheria nayo iko. Katiba ya mwaka 2010 inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu aweke siri ya mgonjwa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa habari nyeti. Mwenzi anapoitwa, kikaratasi anachopelekewa hakihitaji kutaja ugonjwa. Kitu kimoja tu hakifai kufunikwa kwa jina la siri: mtoto mdogo akipatikana na kisonono, daktari ana wajibu wa kuchukua hatua, kwa sababu hapo huenda mtoto amedhulumiwa, na maandishi yake huwa ushahidi.

KAZI YETU SISI WANA-KISWAHILI

Je, chama cha Kiswahili kinahusikaje na haya? Kinahusika sana. Wahudumu wengi wa afya hutoka sehemu nyingine za nchi na hawajui Kisomali. Mgonjwa naye labda ni mzee asiyejua Kiswahili cha kutosha. Basi mtoto wake, shemeji yake au jirani anaitwa atafsiri. Mzee atasemaje mambo hayo mbele ya mtoto wake? Anasema, "Tumbo linaniuma." Mtafsiri anasema tumbo, daktari anaandika tumbo, na dawa inayotoka ni ya tumbo. Neno moja limepotea njiani na ugonjwa umebaki.

Ile Sheria ya Afya ya 2017 inasema mgonjwa aelezwe mambo yake kwa lugha anayoielewa. Kwa hivyo mzee ana haki ya kumwomba muuguzi anayejua lugha yake, wala asione kwamba anasumbua watu. Nasi tunaokaa kati ya lugha mbili tujifunze kutaja mambo kwa majina yake bila matusi na bila kicheko: usaha, njia ya mkojo, mlango wa kizazi, kisonono. Siku mmoja wetu akivaa koti jeupe, au akiitwa tu kumtafsiria mtu, maneno hayo yatamfaa kuliko insha nyingi alizoandika darasani. Na akishatafsiri, mdomo wake uwe umefungwa kama kitabu cha daktari.

Kwa sisi wanafunzi, dini zetu na wazazi wetu hutufundisha kujihifadhi, na hiyo ndiyo kinga ya kwanza. Lakini atakayepatwa, kwa kupenda au kwa kulazimishwa, asikimbilie dukani. Aende hospitalini mapema, aseme kweli, apokee dawa kamili, mwenzi wake aitwe, na aache kalamu ifanye kazi yake. Kisonono kinapona. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu huzibwa kwa sindano na kwa mstari wa wino.

Wasalaam,
Mwanachama wa Chama cha Kiswahili,
Kidato cha Tatu